Usalama Kazini: Funzo la Wachimbaji wa Ncha ya Ziwa Nyasa

Wakati wa ukoloni Kyela ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Rungwe, nchi ya mpunga. Lakini ilitoa pia zao la pili, nalo ni nguvu za vijana. Wengine walikwenda Lupa, Chunya; wengine waliandikishwa na Wenela kwenda migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini.

Huko mafunzo yalikuwepo. Mgeni alifundishwa amri kwa Fanakalo, lugha ya migodini. Alifundishwa kutii, siyo kuelewa. Elimu nyingine wachimbaji hupeana wenyewe: gonga dari kwa nondo; mwamba mzima hulia, uliolegea hutoa sauti nzito. Ukiisikia, rudi nyuma.

Elimu hiyo ilikuwa na mpaka wake. Vumbi la silika halipimwi kwa nondo. Huharibu mapafu polepole, na ugonjwa huweza kujitokeza miaka mingi baada ya mtu kurudi nyumbani. Hivyo bepari alibaki na dhahabu, na kijiji kikabaki na mgonjwa. Mfanyakazi aliyeijua hatari hakuwa na uwezo wa kukataa shimo bovu.

Baada ya Uhuru wa 1961 Tanganyika ilikomesha uandikishaji huo. Mwaka 2019 Mahakama ya Johannesburg iliidhinisha fidia ya wagonjwa wa vumbi, lakini kwa waliofanya kazi tangu Machi 12, 1965. Wazee wetu waliorudi kabla ya hapo hawamo.

Ndipo tunapoona kwamba mafunzo bila madaraka hayatoshi. Sheria ya 1964 ilianzisha Kamati za Wafanyakazi. Mwongozo wa TANU wa 1971 ukamkataza kiongozi kuwanyanyasa anaowaongoza. Mwaka 1988 ulifunguliwa mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira, uliojengwa kwa msaada wa China. Kazi ya chini ya ardhi, pamoja na gesi na vumbi lake, ikasogea karibu na nyumbani. Na Sheria Na. 5 ya 2003 inatambua wawakilishi wa usalama na afya mahali pa kazi.

Kada akifika kazini asitosheke kuona bango ukutani. Aulize: Mwakilishi huyu anaaminiwa na wenzake? Anawafundisha katika saa za kazi? Akisema dari imelegea, kazi inasimama? Jibu la swali hili la mwisho ndilo litakaloonyesha kama tumeachana na Wenela.