Majani Yasiyo na Jina

Katika lugha yetu jani la muhogo lina jina lake: kisamvu. Jani la kiazi kitamu nalo lina lake: matembele. Jani la karoti halina. Husemwa tu "majani ya karoti", kama mtu asemavyo maganda ya ndizi, na kwa kusema hivyo yamekwisha kupelekwa jalalani. Msomaji atanikumbusha kwamba majani ya maboga nayo huitwa hivyo hivyo na bado yanaliwa nchi nzima. Ni kweli. Hata hivyo nimefundisha miaka mingi, na jambo hili la majina haliniachi.

Tukumbuke kwamba muhogo na kiazi kitamu si wenyeji hapa. Asili yao ni Amerika, na muhogo uliletwa Afrika na Wareno kutoka Brazili kuanzia karne ya 16. Bibi zetu walipoupokea hawakuchukua mzizi peke yake. Jani la muhogo lina sumu ya sianidi, nao wakajua kulitwanga na kulichemsha kwa muda mrefu mpaka likawa mboga ya heshima. Katika jimbo la Pará, huko huko Brazili, majani hayo hupikwa chakula kiitwacho maniçoba, nacho hukaa motoni karibu wiki nzima. Ajabu yake ni hii: jani lenye sumu tumelifuga, na lisilo na sumu tunaliogopa.

Karoti ilianza kulimwa kwa ajili ya mzizi wake Asia ya Kati, pande za Afghanistan na Uajemi, yapata karne ya 10, na wakati huo ilikuwa ya zambarau au ya manjano. Waarabu waliisafirisha magharibi. Katika karne ya 12 Ibn al-Awwam wa Sevilla aliieleza katika kitabu chake cha kilimo. Ile ya rangi ya chungwa tunayoijua sisi ilienea kutoka Uholanzi katika karne ya 17. Sasa, Mwarabu huiita jazar. Pwani yetu imefanya biashara na Waarabu kwa zaidi ya miaka elfu moja na kuchukua kwao maneno yasiyohesabika, lakini neno hilo halikushuka jahazini. Sisi twasema karoti, neno la Mwingereza. Kwangu mimi huo ni ushahidi wa kutosha kuhusu mlango ulioingilia: bustani ya Mzungu, halafu meza yake, na mezani ulifika mzizi tu.

Wazungu wenyewe walikuwa na sababu ya kuwa waangalifu. Karoti ni ukoo mmoja na giligilani na bizari nyembamba, lakini katika ukoo huo yumo pia hemloki, mmea ambao sumu yake ilimuua Socrates mwaka 399 kabla ya Kristo, na majani yake yanashabihiana sana na ya karoti. Anayechuma porini na aogope. Aliyepanda mbegu kwa mkono wake hana la kuogopa.

Mwaka 1974, mvua zilipokosekana na nchi ikalazimika kununua nafaka nje, nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya milima ya Usambara, chuo cha ualimu kikiwa bado hakijanitoka kichwani. Kwa kufuata Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 tulikuwa na matuta ya karoti, na mazao yaliuzwa ili kutunisha mfuko wa shule. Siku ya mavuno majani yalirundikwa nyuma ya jiko, rundo la kufika kiunoni. Mchana ule watoto walikuwa na uji mwepesi, basi. Mama aliyetupikia akamwendea mkuu wa shule.

"Mwalimu Mkuu, niruhusu niwachemshie watoto majani haya."

"Mama, wazazi watasema tunawalisha watoto wao chakula cha sungura."

Mama hakubishana. Jioni alijitwisha furushi la majani akaenda nalo kwake. Walimu wawili tuliokaribishwa kwake tuliyala kwa ugali kiasi cha kiganja, na hakuna aliyeamka anaumwa. Miaka kadhaa baadaye, nilipokabidhiwa shule yangu, majani ya karoti yaliingia sufuriani mara mbili kwa juma, na wazazi walionung'unika niliwakaribisha kula.

Nyumbani sasa nina matuta mawili. Karoti haiatikwi: mbegu hupandwa pale pale itakapokulia, katika udongo tifutifu, nami huichanganya na mchanga ili isimwagike kwa fungu. Samadi mbichi hupasua mizizi ikaota kama vidole. Huchukua wiki mbili, pengine tatu, kuchomoza, na wasio na subira hufukua. Ile miche ya kupunguzia ndiyo yenye majani laini kuliko yote. Baadaye huchuma majani mawili matatu ya nje katika kila mche, kwani anayeunyoa wote anaunyima mzizi chakula. Baada ya miezi mitatu au minne nang'oa, na majani nayakata papo hapo, maana yakiachwa hunyonya maji ya mzizi ukanywea. Majani ya sokoni siyagusi. Sijui yamepigwa dawa gani.

Yana uchungu kidogo, mdogo kuliko wa mchunga. Nayapukuchua kutoka kwenye mabua, nayaosha mara mbili, nayachemsha kidogo kwa chumvi, nayakamua na kuyakatakata. Kitunguu na nyanya zikiisha kuiva yanaingia, kisha tui au karanga zilizotwangwa. Mabua magumu, hayo ndiyo nawapa sungura.