Nyumba ya Lasar Segall

Segall alizaliwa Vilnius katika familia ya Kiyahudi, akasomea sanaa Ujerumani, na mwaka 1923 akahamia Brazil. Nyumba hii ya Vila Mariana, São Paulo, ilisanifiwa na Gregori Warchavchik, shemeji yake.

Zitazame picha za wahamiaji melini, alizozichonga kwenye mbao na mabamba ya shaba kabla ya kuzichapa karatasini: nyuso zimeinama, mistari ni michache, na weusi wa wino unabeba huzuni kuliko rangi yoyote aliyowahi kupaka. Mwaka 1937 Wanazi walizitundika kazi zake Munich, katika maonyesho ya kuidhihaki sanaa ya kisasa.

Alifariki 1957. Mkewe Jenny, mfasiri wa Goethe, ndiye aliyepania pawe makumbusho. Wana wao wakayafungua 1967. Hapa hufundishwa pia uchapaji wa picha.