Bitana za Metali: Historia ya Breki Nzito na Tatizo la Istilahi

Msafiri atokaye Mbinga kwenda Liuli, bandari ya Ziwa Nyasa ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, huteremka kutoka Milima ya Matengo hadi usawa usiofika mita 500 juu ya bahari. Lori la tani 30 likishuka kimo cha mita 800 hutoa nishati ya megajuli 235 hivi. Nishati hiyo yote ikiingia katika tani moja ya chuma, joto la chuma hicho litapanda kwa zaidi ya nyuzi 500 za Selsiasi. Injini na upepo huchukua sehemu yake. Inayobaki huzibeba breki. Kwa sababu hiyo, istilahi za breki si jambo la mapambo. Fundi akikielewa vibaya kitabu cha matengenezo, watu hupoteza maisha.

Yafaa tuanze na historia. Mwaka 1897, huko Derbyshire, Uingereza, Herbert Frood alianza kutengeneza bitana za breki kwa nyuzi za pamba. Mwaka 1902 Frederick Lanchester alisajili hataza ya breki ya diski. Bitana zake za shaba nyekundu zilipiga kelele kali na kulika upesi. Mwaka 1908 Frood alileta bitana za asbestosi, nazo zikatawala kwa miongo mingi, hata ilipothibitika kwamba vumbi lake huleta saratani. Uingereza yenyewe iliipiga marufuku asbestosi mwaka 1999.

Udhaifu mwingine ulikuwa joto. Gundi ya kemikali inayoshikanisha nyuzi huanza kuharibika joto linapopita nyuzi 300 hivi, na breki hupoteza nguvu. Katika miaka ya 1930 mafundi wa Marekani walitafuta njia nyingine: walichanganya unga wa shaba, bati, grafiti na silika, wakaushindilia, kisha wakautia tanuuni penye gesi ya kuzuia kutu. Bati huyeyuka mapema na kupenya ndani ya shaba, lakini shaba yenyewe haiyeyuki. Chembe zake hushikana tu. Vita Kuu ya Pili vilieneza bitana hizo katika breki za ndege. Leo hutumika pia katika treni za kasi na mitambo mizito, ingawa malori mengi bado hutumia bitana za nyuzi na gundi.

Hapa ndipo mfasiri hujikwaa. Akiandika kwamba unga huo "huyeyushwa", amepotosha maana, kwa kuwa shaba ikiyeyuka kabisa, grafiti nyepesi ingeelea juu na mchanganyiko kuvunjika. Akiandika "huchomwa", fundi wa gereji atadhani ni kuchomea vyuma. Sisi tunapendekeza kuoka. Mwokaji hugeuza unga kuwa mkate pasipo kuuyeyusha. Nao wanawake wa Kikisi, ambao vyungu vyao husafirishwa kwa mitumbwi kandokando ya Ziwa Nyasa, hushikanisha chembe za udongo kwa moto kwa kanuni iyo hiyo. Basi na tuseme metali ya kuokwa.

Vivyo hivyo, neno breki shuu, lililozoeleka katika gereji, hutumiwa kwa kiatu cha chuma na kwa tabaka linalosugua. Tabaka hilo tuliite bitana, kama mshonaji anavyoita kitambaa cha ndani ya koti. Mwisho, tutofautishe chuma na metali: kila chuma ni metali, bali shaba na bati si chuma.

Tunawaomba walimu wa ufundi na wafasiri wayajaribu maneno haya mbele ya mafundi wenyewe. Neno litakalokubaliwa gerejini litadumu. Litakalobaki katika orodha zetu tu halitamwokoa dereva yeyote mteremkoni.