Gazebo ni ya Nani?

Kwa wiki tatu sasa, grupu ya WhatsApp ya kourti yetu hapa Buru Buru imekuwa na mjadala mmoja tu: gazebo. Tuna kipande cha nyasi katikati ya nyumba, pesa za mchango zimebaki kidogo, na jirani mmoja akatuma picha. Basi, tukaanza.

Kuna wanaotaka makuti, ati yanaleta hewa ya Mombasa. Wengine wanasema makuti ni ya hoteli: baada ya miaka michache unatafuta fundi wa kuezeka upya, na siku mtu akichoma nyama karibu, cheche moja inatosha. Mabati nayo? Jua la saa saba litakupika, na mvua ikinyesha hamtasikizana. Vigae vinataka nguzo nzito. Mbao za saiprasi zisipopakwa dawa, mchwa watakushukuru.

Maswali mazuri haya. Lakini juzi mwenyekiti akaandika: "Tukijenga gazebo, ile baze ya vijana pale getini itatoka. Na gazebo itakuwa na kufuli." Watu kumi na mmoja wakaweka dole gumba. Hakuna aliyeuliza kitu, hata mimi.

Baze yenyewe ni mawe mawili, ubao, na siti kuukuu ya matatu chini ya mjakaranda. Mimi nimekulia hapo. Ndiyo maana nikaanza kusoma historia ya kukaa chini katika mitaa yetu.

Tuanze na jina. Neno gazebo lilichapishwa Uingereza mwaka 1752, katika kitabu cha ujenzi cha William na John Halfpenny. Lilikuwa jengo dogo la bustani, la mtu mwenye ardhi kukaa na kutazama mandhari yake. Pwani yetu ilikuwa na kitu tofauti: baraza, lile benchi la mawe nje ya mlango. Baraza ni la mwenye nyumba, lakini mpita njia anaweza kukaa, akapewa kahawa na habari. Nguvu ya benchi hilo ni kubwa hadi leo tunasema Baraza la Mawaziri.

Sasa njoo Eastlands. Serikali ya kikoloni haikutaka Mwafrika akae Nairobi. Ilitaka afanye kazi Nairobi, kisha arudi kwao. Sheria ya kipande ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kutembea na karatasi zake, na wengi walizivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Nyumba nyingi za mwanzo zilijengwa kwa wanaume walio peke yao: chumba kimoja, vitanda kadhaa. Nani angemjengea kivuli mtu ambaye hatakiwi kupumzika?

Kaloleni ilikuja tofauti. Ilijengwa miaka ya 1940, na wafungwa wa vita kutoka Italia walishiriki kazi hiyo. Ilipangwa kwa ajili ya familia, nyumba za mawe zikizunguka viwanja vya nyasi, na ukumbi wa jamii katikati. Wapangaji waliiga wazo la mji wa bustani kutoka Uingereza. Walidhani wanatengeneza wafanyakazi watulivu, wa kunywa chai na kucheza dansi.

Wenyeji wakakaa kwenye viti hivyo hivyo, wakazungumza mambo mengine. Tarehe 23 Aprili 1950, KAU na chama cha Wahindi, East African Indian National Congress, walifanya mkutano wa pamoja katika ukumbi wa Kaloleni. Hapo Makhan Singh, kiongozi wa wafanyakazi, alitaka Afrika Mashariki ipewe uhuru kamili. Wiki tatu baadaye alikamatwa. Aliachiliwa Oktoba 1961.

Ndiyo sababu serikali huogopa watu wakikaa pamoja. Aprili 1954 Operesheni Anvil iliizingira Nairobi, na mitaa ya Eastlands ikapekuliwa nyumba kwa nyumba. Uhuru ulipokuja, woga haukuondoka. Mwaka 1968 Kenya huru ilipitisha sheria yake ya uzururaji, na kijana asiye na kazi aliweza kushikwa kwa kuwa tu mahali. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1997. Waulize vijana wa baze kama polisi wamepata habari.

Katikati ya historia hiyo ndipo Buru Buru ilipozaliwa. Ujenzi ulianza mwaka 1973, awamu kwa awamu, nyumba zaidi ya 4,000 za watu wa kipato cha kati, kwa mikopo. Nyumba zilipangwa katika kourti, kila moja na bustani ndogo, na njia za miguu zikiunganisha kourti na kourti. Kisha tukaongeza vyumba, bustani zikaliwa. Tukajenga maduka mbele. Ujambazi ulipozidi, tukaweka mageti, na njia zikafungwa. Simlaumu mtu, sisi pia tuliibiwa televisheni. Lakini kidogo kidogo, mahali pa kukaa bila kununua kitu pakaisha. Kile kipande cha nyasi na ile baze ndivyo vilivyobaki.

Kwa hivyo jana usiku nimeandika kwenye grupu. Nimesema tuchague mabati yenye dari ya mbao chini yake, kwa sababu yanadumu, na dari itapunguza joto na kelele. Paa lichomoze vizuri, mvua isilowanishe viti. Kuta zisiwepo, mama aliye dirishani amwone mtoto wake. Benchi lizunguke ndani na nje, kama baraza. Kufuli lisiwepo. Na kabla hatujamwita fundi, tuwaite vijana wa baze kwenye kikao, kwa sababu wao wamekaa katika hii kourti saa nyingi kuliko kamati nzima.

Mwenyekiti amejibu: "Na wakivuta bangi humo, utakuja wewe kuongea nao?"

Swali la haki. Nimemjibu kwamba nitakuja, lakini itakuwa rahisi kuongea nao tukiwa tumeketi benchi moja. Kufikia asubuhi, dole gumba ni nne. Kikao ni Jumapili saa tisa, pale pale kwenye nyasi. Kila mtu aje na kiti chake.