"Una uhakika?" Swali la kompyuta lililowahi kumkasirisha mtu

Wadau, kila aliyewahi kuinstoli programu analijua hili swali. Mtu anabofya X katikati ya kazi, mashine inamdaka: una uhakika unataka kutoka? Wengi wanabonyeza fasta bila kusoma. Kumbe lina historia, tena yenye ubuyu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Apple kule Marekani ilikuwa inaijaribu Lisa, kompyuta iliyotoka 1983. Kitufe cha kukubali kiliandikwa Do It, yaani "fanya". Jamaa mmoja aliyeitwa kuijaribu akanuna. Herufi zilikaribiana, akasoma Dolt, yaani "mjinga"! Akahoji kwa nini mashine inamtukana. Ikabidi waweke OK.

Mwaka 1995 ikaja Windows 95. Toleo lake la disketi lilikuwa na disketi 13. Sasa fikiria mtu yuko ya 11, mkono unateleza, anafunga. Anaanza upya! Ndiyo maana mashine inauliza kwanza.

Shida ni lugha. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu wa Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zenye menyu za Kiswahili. Ila kutafsiri maneno tu hakutoshi. Mtu akiulizwa "Hutaki kuendelea?" akajibu "ndiyo", kwa Kiswahili ana maana hataki. Mzungu akisema yes hapo, anaweza kuwa na maana kwamba anataka. Na swali likiwa "Unataka kughairi?" halafu vitufe ni Sawa na Ghairi, je, Ghairi inaghairi nini? Kughairi kwenyewe?

Chukulia kijana wa steshenari Chemba, wilaya iliyomegwa kutoka Kondoa mwaka 2012. Programu yake inapakua huku inajiinstoli, inakula bando aliloweka kwa hela yake. Mteja amesimama, anataka barua ya maombi ya kazi ichapwe leo leo. Kipanya kinateleza, kiboksi cha Kiingereza kinatokea, anabonyeza Yes akidhani anakubali kuendelea. Bando limeenda, mteja naye kahamia duka la pili.

Huyo kijana si mjinga, kama yule wa Lisa hakuwa mjinga. Vitufe viseme kazi yake waziwazi: "Endelea kuinstoli" na "Acha, nitoke". Hapo hakuna wa kupotea.

Nani alishabonyeza Yes akajuta? Dondosha komenti hapo chini.