Jembe, Rupia na Noti

Wengi hudhani ya kuwa nguvu ya fedha imo katika madini yake. Natuangalie mambo yaliyoipata nchi ya Rungwe, tupate kujua kama ndivyo.

Hapo kale Wanyakyusa hawakuwa na sarafu. Ndizi na maziwa vilikuwa tele, lakini majembe yalitoka kwa Wakinga, wahunzi wa milima ya Livingstone, nao waliyabadili kwa chakula. Vyungu vilitoka kwa Wakisi wa Ikombe, kando ya ziwa. Biashara ya namna hii ina shida zake. Mwenye chungu asipotaka ndizi, mwenye ndizi hurudi mikono mitupu. Tena ndizi huoza, na ng'ombe hakatwi kipande ili kununua chungu kimoja. Jembe lilifaa zaidi, maana halikuoza, na asiyepata kulibadili aliweza kulilimia.

Kisha Wadachi wakaja na rupia, ambayo hailimi wala hailiwi. Mbona watu waliitaka? Sababu moja kubwa ni kodi. Amri ya kodi ya nyumba ilitolewa mwaka 1897, na watu wakapaswa kutafuta rupia kwa kuuza mazao au kufanya kazi ya mshahara. Basi, kwa kuwa kila jirani aliihitaji, kila mtu alikubali kuipokea. Hata dinari aliyoonyeshwa Bwana Yesu, yenye sanamu ya Kaisari, ilikuwa fedha ya kodi. Mwaka 1904 rupia iligawanywa kuwa heller 100, na humo ndimo lilimotoka neno letu "hela".

Vita vilipoanza mwaka 1914, sarafu ziliadimika kwa kuwa njia ya bahari ilifungwa. Wadachi wakapiga noti humu humu nchini. Mwezi wa Mei 1916 Waingereza waliingia Neu Langenburg, ndiyo Tukuyu, na hatimaye serikali iliyotoa noti zile ikashindwa kabisa. Maandiko ya noti hayakubadilika hata herufi moja, lakini thamani yake ilitoweka. Mwenye rupia alibaki na madini ya fedha mkononi. Aliyeuza ng'ombe wake kwa noti alibaki na karatasi.

Katika miaka ya 1920 shilingi ya Afrika Mashariki ilichukua mahali pa rupia, na tarehe 14 Juni 1966 Benki Kuu ikaanza kutoa shilingi ya Tanzania.

Basi tumeona ya kuwa noti ni ahadi. Hupokewa kwa sababu kila mtu anaamini ya kuwa na mwenzake ataipokea kesho. Tena ahadi zikitolewa nyingi kupita mazao na kazi za watu, bei hupanda, na akiba ya maskini hupungua ingawa hakuna mwizi aliyeingia nyumbani mwake. Kwa hiyo mwenye kutoa fedha amekabidhiwa amana ya watu wote. Nasi tuwekapo akiba, tusisahau shamba na ng'ombe.