Maputo ya wanafunzi: kisanduku kinachopaa kilomita 30 na kuangukia shambani kwa mtu

Mwaka 2009, wanafunzi wanne wa sekondari ya La Bisbal, mji mdogo wa Catalonia nchini Hispania, walirusha puto lililobeba kamera ya kawaida ya dukani pamoja na vipimo vya hali ya hewa. Puto lilipanda zaidi ya kilomita 30. Ndege ya abiria unayoiona ikipita juu ya kijiji chako huwa kwenye kilomita 10 au 12 tu. Picha zilizorudi zilionyesha mbingu nyeusi na ukingo wa dunia umepinda.

Tangu hapo shule nyingi za Ulaya na Amerika zimefanya kazi kama hiyo. Msikilizaji, hapa tunaeleza inavyokwenda, na kwa nini mkulima au mfugaji asiyejua lolote kuhusu sayansi ya anga anaweza kuwa ndiye mtu muhimu kuliko wote.

Puto lenyewe si kitu kigeni. Ni puto la mpira la aina ile ile inayotumiwa na idara za hali ya hewa. Karibu vituo 900 duniani huyarusha, vingi mara mbili kwa siku na kwa wakati mmoja, ambao kwa saa za Afrika Mashariki ni karibu saa tisa alasiri na saa tisa usiku. Dagoretti, jijini Nairobi, ni kimojawapo cha vituo hivyo.

Likiwa chini huwa na upana wa mita mbili hivi, tena linaonekana limelegea. Usidhani wamekosea kulijaza. Kadiri linavyopanda, hewa ya nje inapungua nguvu ya kulibana, gesi ya ndani inatanuka, na puto linakua hadi upana wa mita saba, nane au zaidi. Hapo mpira unashindwa na linapasuka. Mwavuli mdogo uliofungwa chini yake unashika hewa, na kisanduku kinaanza kushuka. Mwendo wa kupanda ni kama mita 300 kwa dakika, kwa hiyo kilomita 30 huchukua dakika mia moja hivi. Kushuka huchukua muda mfupi zaidi.

Gesi inayopendwa na shule ni heliamu, kwa sababu haishiki moto. Haidrojeni ni nafuu, lakini cheche moja inatosha kuleta msiba.

Magazeti hupenda kuandika kwamba wanafunzi hao wamefika anga za juu kabisa, kule wanakokwenda wanaanga. Hapana. Mpaka unaotumiwa na wengi ni kilomita 100. Kwenye kilomita 30 bado uko ndani ya hewa ya dunia, ingawa asilimia 99 ya hewa hiyo umeiacha chini yako. Na hilo ndilo linalopafanya mahali hapo pawe maabara nzuri. Ukifika kilomita 19, maji huchemka kwa joto la mwili wa binadamu tu. Baridi hufika nyuzi 50 au 60 chini ya sifuri, na juu ya nchi za ikweta kama zetu, kwenye kilomita 17 hivi, huweza kufika nyuzi 80 chini ya sifuri. Anga ya ukanda wetu ilianza kupimwa zamani: mwaka 1908 mtaalamu Arthur Berson, aliyekuwa akifanya kazi Ujerumani, aliongoza msafara uliorusha maputo ya vipimo hapa hapa Ziwa Victoria.

Majaribio yanayopandishwa si lazima yawe ya gharama. Kule California, kikundi kiitwacho JP Aerospace hukata mpira wa mezani katikati, mwanafunzi anaweka jaribio lake ndani, mpira unafungwa na kupandishwa bure. Maelfu wamekwisha kupanda. Mpango mwingine wa Marekani, Cubes in Space, huwapa wanafunzi wa miaka 11 hadi 18 kijisanduku cha sentimita 4 kila upande, na puto linalovibeba hurushwa kutoka Fort Sumner, jimbo la New Mexico.

Wengi huweka mbegu. Mkulima ataelewa mara moja namna ya kufanya: mbegu za pakiti moja zigawanywe mara mbili, nusu zipande na puto, nusu zibaki nyumbani, kisha zote zioteshwe kwenye udongo mmoja kwa maji yale yale. Bila nusu iliyobaki nyumbani huwezi kusema lolote, hata mche ukitoka na majani ya ajabu.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa wanafunzi wa kundi la Earth to Sky Calculus, mjini Bishop, California, ambao wamepima kwa miaka mingi mionzi inayotoka anga za mbali. Mtu angetarajia kwamba ukizidi kupanda, mionzi inazidi. Vipimo vinaonyesha kwamba hufikia kilele karibu na kilomita 20, kisha hupungua.

Sehemu inayowatoa jasho walimu ni kukipata kisanduku. Idara ya hali ya hewa haihangaiki sana, kwa kuwa kipimo chake hutuma taarifa kwa redio kikiwa bado angani. Marekani hurusha makumi ya maelfu ya vipimo kwa mwaka, na vinavyookotwa ni vichache. Lakini mbegu haziwezi kutumwa kwa redio. Kisanduku kisiporudi, jaribio limekufa.

Na upepo hauna simile. Januari 2012, vijana wawili wa miaka 17 wa Toronto, Kanada, walirusha mwanasesere wa Lego akiwa na bendera ya nchi yao, naye akatua kilomita 122 kutoka alipoanzia. Simu ndani ya kisanduku hupoteza mtandao mapema, na vifaa vingi vya GPS vya kawaida huacha kufanya kazi vikivuka kilomita 18. Ndiyo maana timu makini hushirikiana na wapenzi wa redio wenye leseni. Sisi wa redio tunajua kwa nini mnara hujengwa mlimani: puto lililo kilomita 30 juu linaona upeo wa kilomita 600 na ushei, kwa hiyo hata mtambo mdogo sana husikika mbali.

Mwaka 2013 kundi la vijana walirusha simu kwa puto karibu na Tuba City, Arizona. Ilitua mahali ambapo ramani ilionyesha kuna mtandao, kumbe haupo. Waliitafuta wakakata tamaa. Miaka miwili baadaye mwanamke aliyekuwa akitembea nyikani aliiokota, laini yake ikasaidia kuwatambua wenyewe, na video yote ilikuwamo.

Sheria nazo zipo. Marekani, kisanduku kimoja kikizidi kilo 2.7, au mzigo wote kilo 5.4, masharti makali zaidi huanza. Kwetu, shule inayotaka kujaribu ianze kwa kuomba kibali mamlaka ya usafiri wa anga, maana puto hupita njia za ndege.

Ukikuta shambani kisanduku chepesi cheupe chenye kamba, mwavuli na vipande vya mpira, usikivunje. Soma maandishi yaliyobandikwa. Mara nyingi kuna namba ya simu. Usipoona kitu, kipeleke ofisi ya kijiji au kituo cha hali ya hewa kilicho karibu. Mpira na kamba viokote vyote kabla ng'ombe au mbuzi hajavimeza. Kikiwa kimenasa kwenye nyaya za umeme, usikiguse hata kwa mti mrefu. Wapigie watu wa umeme.